Skrini Iliyonidanganya Rangi

Mimi hupiga picha za harusi hapa Mumbuni. Juzi, nikiwa na pesa chache, nilichagua laptop kuukuu yenye ramu kubwa, ile kumbukumbu inayoipa mashine kasi, ya kuhariri picha. Dada aliyeniuzia alinionya, "Kaka, hii skrini yake inaharibu rangi." Nikamjibu kwa maringo, "Mimi nataka kasi. Rangi nitarekebisha mwenyewe."

Kweli nilirekebisha picha za harusi moja. Kwenye ile skrini kila uso ulikuwa wa samawati, basi nikaongeza nyekundu na manjano hadi nikajipongeza. Jumapili picha zikaonyeshwa ukutani kanisani. Watu wote, hata pasta, walikuwa rangi ya machungwa! Mama wa bibi harusi akanigeukia: "Kijana, msichana wangu ulimpiga picha ama ulimkaanga?"