Jogoo wa Wakili na Foleni ya Kevina

Kicheko cha Kevina Ajambo kilifika mahali kabla yake mwenyewe. Akitoka soko la Busia na gunia la dagaa kichwani, wale wanaoitwa mukene, watu wa kijiji chake chini ya vilima vya Osukuru walimsikia tangu njia panda, wakajua leo kuna mboga. Alizaliwa Msamia, akaolewa na Mteso aitwaye Ecweru, na kwa miaka minane alikuwa makamu wa mwenyekiti wa kijiji. Msidhani ni cheo cha mchezo. Mwenyekiti na kamati yake ndio korti ya kijiji: mbuzi akila mihogo ya jirani, au mpaka wa shamba ukijongea wenyewe, kesi huletwa kwao. Kevina aliwaacha wagomvi waseme mpaka wachoke, kisha akacheka, na mara nyingi nao wakacheka, wakaenda kwao bila faini.

Mwenyekiti alikuwa Okwi. Hakuwa mtu mbaya, ila muhuri wake ulikuwa na ugonjwa wa kukauka wino, na dawa ya ugonjwa huo ilikuwa kuku. Aliyeleta kuku wawili alipata muhuri uliokolea zaidi. Basi uchaguzi wa vijiji ulipotangazwa, Kevina alisema anautaka muhuri huo. Aliutaka kweli, kwa moyo wote, hata akauota ameushika mkononi.

Hapo ndipo alipoingia Arnold, wakili kutoka Tororo mjini, kijana wa viatu vyenye ncha. Arnold alikuwa na mteja pale kijijini, Mzee Emoit, mwenye kesi ya mpaka wa shamba na jirani yake Winfred, mjane. Kesi ilikuwa inangoja uchaguzi upite. Sheria haimruhusu wakili kusema katika korti ya kijiji, kwa hiyo Arnold aliamua fulana ziseme. Alileta fulana sitini za zambarau zenye uso wa Kevina, kipaza sauti, na jogoo mwekundu aliyenona. Kevina alipomuuliza kwa nini anajihangaisha hivyo, alijibu kwamba yeye anapenda haki tu, tena mkono mtupu haulambwi.

Jamani, wiki ile! Kevina alijiona kwenye vifua sitini, vingine vipana hata sura yake ikanenepa, vingine vyembamba hata ikakunjamana, akacheka mpaka akashika ukuta. Mzee Emoit alitangulia na kipaza sauti akiimba jina lake kutwa nzima. Jumapili jogoo akaliwa, na Kevina alilamba vidole bila wasiwasi wowote.

Jumatatu asubuhi Winfred alikuja na karatasi ya kesi yake, imekunjwa vizuri.

"Mama Kevina, mimi nakuja ondoa kesi," alisema.

Kevina alimuuliza kama wamepatana na Emoit.

"Hapana. Lakini naona Emoit nabeba sura yako kwa kifua. Mimi sina fulana."

Hakulalamika wala hakulia. Aliweka karatasi juu ya gunia la dagaa, akageuka aende zake. Aibu ilimshika Kevina tangu utosini hadi unyayoni, na yule jogoo aliyemezwa jana akamkwama kooni leo. Alimkimbilia Winfred mpaka kwenye uzio, akamrudishia karatasi, akamwomba asiiondoe kesi na ampe siku tatu tu.

Siku hizo tatu kijiji hakitazisahau. Kevina alipita nyumba kwa nyumba akivua watu fulana, na kila aliyevua akapimiwa kikombe cha dagaa. Wengine walivua mbio, wengine walidai vikombe viwili. Fulana moja aliikuta imevalishwa sanamu la kufukuza ndege katikati ya mtama, na sanamu halikudai chochote. Zilipatikana hamsini na tisa. Ya sitini hakuna aliyejua ilikokwenda. Ilibaki deni la jogoo. Wa Arnold alishaliwa, na maji yakimwagika hayazoleki, basi Kevina alimkamata jogoo wake mwenyewe, mwembamba mwenye hasira, akapanda bodaboda na mzigo wote hadi ofisini kwa Arnold.

Wakili alimweleza kwa upole kwamba hakuna ubaya wowote, kila mtu huchangia anayempenda. Kevina alimwekea jogoo juu ya mafaili.

"Wakili, nipende kesi ikiisha," alisema, akatoka.

Ikaja siku ya kura. Kijijini kura haina karatasi: unasimama kwenye mstari nyuma ya umtakaye, na dunia nzima inakuona. Foleni ya Kevina ilizunguka uwanja wa kanisa hadi chooni. Ya Okwi ilifika kama nusu yake. Kevina alipotazama nyuma, furaha ilimpanda kichwani kama pombe ya mtama, na haki nayo ikampanda pamoja nayo. Akaona asiache uchafu hata chembe.

"Mwenye kesi kwa korti yetu, atoke nyuma yangu," alitangaza.

Masikini Kevina alisahau anaishi wapi. Kijiji kile nani hakuwa na kesi? Winfred alitoka. Emoit akatoka. Wenye mbuzi, wenye mihogo, waliotukanana kisimani, wote wakatoka. Hata Ecweru, mumewe wa ndoa, alitoka kwa heshima, kwa sababu fahali wake alikuwa amevunja ua wa katekista. Walibaki bibi mmoja asiyesikia vizuri na fundi aliyehamia mwezi uliopita. Wengine walisimama katikati ya uwanja wasijue pa kwenda, na Okwi akaanza kutabasamu.

Karani wa uchaguzi alifuta machozi ya kicheko, akamwambia Kevina kwamba sheria inakataza hongo, haikatazi watu. Kusimama nyuma ya mgombea si zawadi. Kevina akaomba radhi, akawasihi warudi. Hakuna aliyesogea. Walikuwa wameona haya, na Kevina aliuona muhuri ukimponyoka kwa kosa la mdomo wake.

Wa kwanza kutembea alikuwa Mzee Emoit. Okwi alimpisha nafasi. Emoit alimpita, akaja kusimama nyuma ya Kevina, akasema kwa sauti ile iliyozoea kipaza:

"Kwa huyu mama, mimi naweza shindwa. Najua. Lakini kwa Okwi, mimi napeleka jogoo leo, kesho Winfred napeleka mbuzi, mimi natafuta ng'ombe. Nataka shindwa mara moja tu, nilale."

Uwanja ukaangua kicheko, kisha miguu ikasikika. Kevina alipata watu mia moja na kumi na wawili, Okwi sitini na mmoja.

Kesi ya kwanza aliyoisikiliza ilikuwa ya mpaka ule. Emoit alifika amevaa fulana ya sitini. Alisema hana nyingine safi. Kevina alimwambia aivue kwanza. Mzee akavua, akasimama kifua wazi mbele ya korti, akashindwa kwa hatua nne za shamba. Kulikuwa na manyunyu. Winfred alivua shuka yake mabegani, akampa ajifunike mpaka nyumbani.