Mgongo wa Mama Kwenye Sinema

Wiki iliyopita waya wa chaja uliungua nyumbani kwangu, Ruhuwiko. Moto haukuwaka, ulikuwa moshi mdogo tu na ile harufu ya plastiki iliyoungua, kali, inayokaba koo. Watoto walikimbilia kufungua madirisha. Mimi nilibaki nimekaa, nikajiona tena nina miaka minane, mchana, ndani ya ukumbi wa parokia uliofunikwa mablanketi madirishani. Habari hii sijawahi kuisimulia yote, hata kwa wanangu.

Gari la sinema lilikuwa likija Songea kila kiangazi, baada ya mavuno. Kwa kawaida walionyesha uwanjani giza likiingia, lakini mwaka ule upepo wa Juni ulikuwa ukilipeperusha shuka lao jeupe, paroko akawapa ukumbi. Kila nyumba ikaleta blanketi la kuziba mwanga. Ukumbi ukanuka moshi wa majiko yetu yote kwa pamoja. Filamu zenyewe zilikuwa za kilimo: mbolea, maghala, panya. Hazikuwa na sauti. Mwendesha sinema, mtu mfupi mwenye koti la kaki, alisimama kando ya mashine na kipaza sauti, akitueleza tunachokiona. Alipokohoa, sote tulimsubiri, na ilielekea hata panya wa kwenye shuka walimsubiri.

Mama yangu alifariki sijatimiza miaka miwili. Hapakuwa na picha yake hata moja. Nilijua tu nilichoambiwa, kwamba alikuwa mrefu na alikuwa na mwanya. Baba, fundi seremala, hakuwa mtu wa maneno mengi. Nilipomuuliza habari za mama, alitoka nje kwenda kuangalia mbao zake.

Ikaja filamu ya kuhifadhi mahindi. Wanawake wamekaa wanapukuchua. Bibi, mama yake mama, alikuwa kando yangu, na mara akanishika mkono mpaka ukaniuma.

"Yule ni Kandida," alisema taratibu. "Yule ni mama yako."

Mama aliinua uso. Alicheka, mwanya ukaonekana, midomo yake ikamwambia neno mtu tusiyemwona. Kisha akainuka, akageuka, akatupa mgongo, na filamu ikaenda zake kwenye magunia.

Mzee mmoja akaenda kumweleza mwendesha sinema, naye akavua kofia, akarudisha mkanda nyuma. Niliposikia mashine ikianza tena, niliinuka nikamfuata mwendesha sinema.

"Mjomba, unaweza kumsimamisha?"

"Naweza, ila si kwa muda mrefu. Taa hii ni kali."

"Kidogo tu."

Akamsimamisha. Mama alikuwa mkubwa kuliko mlango wa ukumbi. Niliona kovu dogo juu ya nyusi, ambalo hakuna aliyewahi kuniambia. Nilikuwa bado nalitazama pale doa la kahawia lilipotokea shavuni, kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi, likapanuka, likatoka malengelenge. Mwendesha sinema aliuvuta mkanda, lakini alikuwa amechelewa. Shuka likabaki jeupe, na harufu ile ikajaa ukumbini.

Aliikata sehemu iliyoungua kwa mkasi, akaunganisha ncha mbili kwa gundi. Akaonyesha mara ya tatu, nadhani kwa kunihurumia. Sasa kicheko hakikuwapo. Mama alikuwa akipukuchua mahindi, na ghafla ukaja mgongo wake. Nililia kwa sauti. Niliona kama amejua nilichomfanyia usoni, akakataa kunitazama.

Baba, ambaye muda wote alisimama mlangoni, alikuja akanibeba, ingawa nilikuwa mkubwa. Njia nzima hakusema kitu. Ukimya wake niliuchukua kuwa hukumu. Kwa miaka mingi niliamini kwamba nimemchoma mama yangu na baba analijua hilo, nikawa simkaribii. Tulikula pamoja, tukasali pamoja, lakini sikumkaribia.

Nikaolewa, nikazaa. Siku ya ubatizo wa mwanangu wa kwanza alikuja mpiga video, kamera begani. Aliponielekezea, mtoto alikuwa mgongoni kwenye mbeleko, kwa hiyo niligeuka ili aonekane. Baba aliweka sahani yake chini. Wageni walipopungua, akanifuata jikoni.

"Siku ile wanapiga ile filamu ya mahindi, nilikuwa pembeni ya kamera," alisema. "Mama yako aliniambia, 'Ngoja kwanza, mtoto haonekani.' Ndiyo maana aligeuka."

Nilimuuliza kama alinikasirikia kwa ule mkanda.

"Nikukasirikie kwa lipi, mwanangu? Mimi sikuweza hata kumtazama. Wewe ulithubutu kumsimamisha."

Gari la sinema liliacha kuja. Zikaja kanda za video, na leo wajukuu zangu wanasimamisha uso wowote kwa kidole, na hauungui. Ule mkanda sijui uliishia wapi. Ninachojua ni kwamba mkasi ulibakiza kile hasa mama alichotaka kionekane: mtoto mchanga amelala, shavu limebanwa mgongoni kwake. Mara zote tatu nilikuwa nikimtafuta yeye. Yeye alikuwa akinionyesha mimi.