Simu ilirukia Congo nikiwa nimesimama mbele ya wafiwa

Leo nimepata haya mbele ya watu wa kilio, na bado inanichoma.

Mi ni secrétaire, karani wa ofisi yetu hapa Gisenyi, upande wa Rwanda. Barua zote, salamu zote za pole, ni mi. Siku hizi AI ya kwenye simu ndiyo inaandika, mi nasoma tu.

Bon. Mama ya Aline, mwenzetu wa kazi, alifariki. Leo tukaenda Cyanzarwe kumulilia. Chef wetu wa kazi akaniambia, "We utasema kwa niaba ya ofisi." Sikuogopa, nilijua AI itanipa maneno.

Nikasimama, nikafungua simu.

Munajua vile simu zinafanya karibu na mupaka. Réseau, mtandao wa simu, ikarukia Congo, internet ikakatika.

Watu wananiangalia. Nikasema, "Poleni sana." Nikarudilia, "Poleni sana." Kisha nikakosa hata neno moja.

Hamadi, dereva wetu, ndiye akaniokoa. Akasimama mikono mitupu.

"Huyu mama," akasema, "kila mara nilileta Aline hapa, hakuniacha nirudi bila kunywa uji yake. Alikuwa anaipoza mwenyewe na vikombe mbili."

Wamama wakaanza kulia.

Na mi nilikunywaka ile uji. Mara nyingi.

Wakati wa kuaga, Aline akanishika mukono. "Na we ulimujua," akasema polepole.

Wenye munatumia hizi vitu kazini, muniambie ukweli: maneno yenu bado iko?

Tangu nifike nyumbani natafuta namna ya kumujibu Aline. Nimefungua AI mara mbili. Nimefunga.