DVD ya Harusi Iliyoishia Mlangoni mwa Kanisa

Mpaka leo nikialikwa kwa watu wenye televisheni kubwa natafuta kiti cha karibu na mlango, na wa kulaumiwa ni mimi na mdomo wangu.

Rafiki yangu Espoir alioa hapa Louisville, na mama yake wa Buffalo hakuweza kuja, alikuwa ndiyo kwanza amepasuliwa nyonga, basi mimi niliyeshika kamera (ya kuazima, ila niliringa nayo kama yangu) nikaahidi kumpelekea DVD, maana yeye hana kompyuta, ana deki tu. Kuna programu ya bure ya kugeuza video iwe DVD, lakini kwenye kompyuta yangu kuukuu ilitaka saa saba; ya kulipia ilitaka dakika arobaini. Nikachukua hiyo ya kulipia, ila ile ya kujaribu kwanza, bila kulipa. Nikatazama dakika tano za mwanzo, picha safi, nikachoma diski, nikawasha gari.

Buffalo nikakuta sebule imejaa watu wa kanisani, sombe, yaani kisamvu, mezani, mama katika kitenge kipya. Nikasimama mbele (nani aliniomba?) nikasema, "Jamani, hapa nimenunua programu yenyewe, siyo vitu vya bure!" Wakapiga makofi. Bon, haya, bibi harusi akashuka garini, vigelegele, akafika mlangoni mwa kanisa, mara kioo kikawa cheusi, kikatoa maandishi ya Kiingereza. Neema, dada yake Espoir, akawasomea wote kwa Kiswahili: "Majaribio yameishia hapa. Kuona yote, nunua programu." Akanigeukia. "Kaka Bahati, si ulisema umenunua?"

Walicheka, we! Mimi nabonyeza rimoti ovyo, jasho linanitoka. Mama peke yake hakucheka.

"Donc, kumbe mutoto yangu hakuoa?" akauliza polepole. "Nilitaka kumusikia akisema ndiyo."

Hapo ndipo aibu iliponiingia kweli.

Video yenyewe nilikuwa nimeiacha nyumbani, mtaa wa Okolona, Louisville. Nikarudi njia nzima, hata Columbus kwa binamu yangu sikupita, nikaiachia ile programu ya bure saa zake saba, nikaitazama DVD yote, nikaipeleka posta. Siku ilipomfikia, mama akanipigia simu analia.

"Nimemusikia. Sasa ameoa." Akapenga kamasi. "Na hii ulinunua?"

"Hapana, mama. Ya bure."

"Bon, vizuri."

Tangu hapo DVD haitoki kwangu kabla sijaitazama mpaka sahani za mwisho za karamu zinaoshwa, na programu niliyotumia naitaja kabla sijaulizwa.