Betri kwenye Mahindi

Juzi nilimwona mtangazaji wetu wa Songea kwenye televisheni, kichwa mvi tupu, akituaga anastaafu. Sauti ni ile ile iliyokuwa ikisoma matangazo ya vifo redioni nilipokuwa mdogo, nyumbani Mjimwema.

Siku hizo niliamini hafi mtu mpaka yeye amtaje. Babu alipozidiwa huko Lusewa, nilichomoa betri za redio, zilizokwisha kuchoka, nikazifukia kwenye mahindi yaliyoanikwa uani, yakinukia vumbi na jua.

Alasiri mama aliyageuza mahindi, akazikuta.

“Kumbe umezianika zipate nguvu? Asante, mwanangu.”

Akazirudisha zikiwa bado za moto. Sauti ilitoka safi kuliko siku zote, ikamtaja babu.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ningeziacha zilivyochoka, babu angepona.