Mke wa Chungu Kimoja

Tangu alipomzaa Moza, miaka thelathini na minane iliyopita, Mwamvita wa Kiegeani hakusikia tena mumewe akimwita kwa jina lake. Mbele ya wageni alikuwa Mama Moza. Siku nyingine zote alikuwa mke wa chungu. Wali ukishika ukoko, mke wa chungu. Akichungulia barua isiyo yake, mke wa chungu. Mzee Pazi alilitamka kwa mapenzi, lakini kwa sauti iliyofika nyumba ya tatu, maana alikuwa mkwezi wa minazi tangu ujana na alizoea kuzungumza na watu akiwa juu.

Jina lilitoka kwenye hadithi. Nahodha mmoja wa zamani alisafiri, akamwachia mkewe chungu kilichofunikwa, akamwonya asikifunue mpaka arudi. Mke akakifunua. Bahari ikatoka mle chunguni ikaumeza mji mzima. Pazi ndiye aliyekuwa bingwa wa hadithi hiyo, na watoto wote wa Kiegeani walikua wakijua kwamba mji ule ulizamishwa na kiherehere cha mwanamke. Mwamvita alicheka pamoja na wenzake, na kila alipocheka kitu kilimchoma, lakini hakumwambia mtu.

Kisha akaja Mwalimu Benedicta kutoka Bukoba, kufundisha Kiswahili sekondari. Alikuwa akiandika riwaya, na kazi yake katika riwaya hiyo ilikuwa kuzichukua hadithi za kale na kuwapa wanawake waliomo nafasi ya kusema. Walimu wenzake walimtania kwamba anawafungulia kesi marehemu. Alasiri moja alikuja na daftari, akamwamkia Mwamvita shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaketi kwenye ncha ya mkeka uliokuwa unashonwa. Akauliza: yule mke wa nahodha alitaka nini hasa?

Mikono ya Mwamvita ikasimama. Swali hilo hakuwahi kulisikia. Katika hadithi ya Pazi mwanamke yule hakuwa na jina wala neno la kusema. Alikuwa na mkono tu, wa kufunulia.

"Alitaka kupika," akasema. "Nyumba ile vyungu vilikuwa vingapi, Mwalimu? Wametaja kimoja. Sasa wanawe wale nini?"

Kuanzia hapo hakukamatika. Kila Jumatano Benedicta alileta sukari, na Mwamvita akamletea nahodha. Nahodha huyu alitia chumvi kwenye mchuzi kabla hajauonja. Alitafuta miwani akiwa ameivaa. Kabla ya kusema uongo alikohoa mara tatu. Hivi ndivyo Mwamvita alivyokosea, na alikosea kwa moyo mweupe kabisa: alitakiwa kueleza mume, na mume aliyemjua alikuwa mmoja tu.

Kitabu kilipotoka, Jumamosi asubuhi watu waliitwa ukumbi wa shule kusomewa. Mzee Pazi aliwekwa mstari wa mbele, kanzu imepigwa pasi, kwa heshima ya ubingwa wake. Benedicta akasoma habari za chumvi, wanawake wa nyuma wakaziba midomo kwa khanga. Akasoma za miwani. Alipofika kwenye kukohoa, Pazi akakohoa mara tatu.

Ukumbi ulipasuka kwa vicheko. Mwamvita peke yake hakucheka. Magoti ya mumewe yalishaikataa minazi, na kitu pekee kilichobaki cha kumpa heshima mbele za watu kilikuwa ule mdomo wa hadithi. Leo akivuliwa heshima hiyo, aliyemvua ni yeye mkewe. Lakini pia hakutaka yule mwanamke arudi kuitwa kiherehere.

Pazi akasimama, akamuuliza mwalimu nani amemsimulia mambo haya. Benedicta, asiyetaka kumtaja Mwamvita wala kudanganya, akatazama karatasi. Basi Mwamvita akainuka. Kubishana na mume hadharani kwao ilikuwa aibu, lakini kitendawili hutegewa yeyote, hata sultani.

"Kitendawili," akasema.

"Tega," ukumbi ukajibu.

"Kaniachia chungu kimoja, kaniambia nisikifunue, na wanangu wana njaa. Nifanyeje?"

Pazi akafikiri. Akasema aazime kwa jirani. Mwamvita akamkumbusha kwamba mume wa jirani alikuwa baharia katika chombo hichohicho, na amri ile ile kaiacha kwake. Pazi akafikiri tena, akafikiri mpaka jasho likamtoka, na kukohoa hakukohoa. Asiyeweza kutegua hutoa mji, na yeye, kama bingwa, aliijua kanuni hiyo. Akampa Ndagoni. Mwamvita akasema Ndagoni hana ndugu. Akampa Chole. Akasema Chole hafiki, anaogopa mashua.

"Haya," Pazi akasema polepole, "chukua Kiegeani."

Watu wakageuka kumtazama, kwa kuwa mtu hautoi hivihivi mji aliozaliwa, hata kwa mchezo. Mwamvita akasema amekwenda Kiegeani, amekula, ameshiba, na jibu ni kwamba chungu hufunuliwa. Kisha akaketi.

Walirudi nyumbani. Baada ya chakula, ambacho mzee alikitia chumvi kabla hajakionja, wajukuu wakaomba hadithi. Pazi akaanza ile ile ya siku zote. Mwamvita akashika ukili wake wa mkeka, akainama, akangoja kiherehere kitajwe. Lakini Pazi alipofika kwenye chungu akamgeukia mkewe.

"Hivi yule mwanamke aliitwa nani?"

Kitabuni mwanamke yule alijiita "mimi" tu, hakutajwa jina. Mwamvita akauweka ukili chini.

"Mwite Mwamvita."

"Basi Mwamvita," Pazi akawaambia wajukuu, na sauti yake haikufika hata nyumba ya pili, "alikuwa na chungu kimoja, na wanawe walikuwa na njaa."