Elum, Mbeba Barua za Mjomba

Wanasema mjumbe hauawi. Wapi! Kaka yangu Elum Nakishi alikuwa mtu wa kawaida tu, ana shamba la mahindi, farasi mmoja mkaidi na mfuko wa ngozi wa barua za mjomba wetu, Hotinla. Mjomba alikuwa kiongozi wa chama, na kalamu yake haikupoa. Sisi wapwa zake alituandikia maneno ya kutuliza roho, wapinzani wake aliwaandikia matusi ya heshima. Zote alizibeba Elum.

Mwaka ule wa uchaguzi watu walikuwa wakipigwa risasi milangoni mwao. Mjomba akamwambia Elum, nami nasikia kwa masikio yangu, barua isiangukie mikononi mwa wapinzani hata ikibidi kumwaga damu. Basi pale kwenye kivuko cha mto Kiamichi, mtu wa wapinzani, Ilapo, akamvuta kutoka juu ya farasi, akamkandamiza kichwa majini. Elum akachomoa kisu, akamchoma tumbo, akamchoma na shingo. Barua ikafika, ina damu.

Mahakama ikamhukumu kupigwa risasi. Kwetu aliyehukumiwa hafungwi. Unatoa neno lako, unarudi kupalilia mahindi yako, na siku ikifika unajileta mwenyewe. Kilichoweza kumwokoa ni kimoja tu: Mjomba amwandikie mkuu wa taifa akiri kwamba yeye ndiye aliyemtuma.

Mjomba akaandika kweli. Akatusomea barazani bila hata kukohoa: mtu huyu simjui, wala sikumtuma.

"Nikikiri, chama kizima kitachinjwa," akasema.

"Tia sahihi, Mjomba. Nitaipeleka," Elum akajibu.

Nilitaka kuichana barua ile na uso wake pamoja. Nikamuuliza Elum kama ana wazimu.

"Dada, mimi nabeba tu. Sichagui."

Akaipeleka, mjinga wangu mpenzi. Siku ya kufa aliwahi uwanja wa mahakama kabla ya polisi wenyewe, ana majibu ya mkuu wa taifa mfukoni. Akamkabidhi Mjomba mkononi, lakiri haijavunjwa. Kisha akavua shati, akaketi juu ya blanketi, wakamtia alama ya masizi juu ya moyo. Nikamtazama Mjomba. Mdomo alikuwa nao bado, na neno moja lingetosha. Akaangalia viatu vyake.

Risasi ya kwanza ilikosa moyo, ikapasua pafu. Kaka yangu akagaragara akitapika damu, anang'oa nyasi kwa kucha. Ya pili ikamfumua kichwa. Vipande nilivikusanya mimi kwa aproni yangu.

Mahindi yake yalipokomaa tukafanya kilio cha mwisho, cha kumaliza matanga. Ndugu wa upande wa mama hukaa karibu na kaburi, na mjomba ndiye huanza kulia. Hotinla akaja na koti jeusi, akaelekea mbele. Nikamwekea mkono kifuani.

"Uliandika humjui. Wageni wanakaa kule, kwenye masufuria."

Nilidhani atanizaba kofi, nami nilikuwa tayari kumrudishia. Akageuka, akaenda kukaa na wageni, wakampa bakuli la mahindi na nyama ya nguruwe. Kilio nikakianzisha mimi. Naye alipofungua mdomo ili alie, bibi aliyekaa pembeni yake akamwambia kwa upole kwamba mgeni hula tu.